Mashindano ya Kulima kwa Trekta: Jinsi Waamuzi Wanavyoipima Kazi ya Plau

Chama cha msingi kinapokodi trekta ili wanachama wake walimiwe eneo la rweya, hati ya malipo huandikwa kwa ekari. Dereva hufika, hulima, eneo hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na Katibu hulipa. Swali liulizwalo ni moja tu: ekari ngapi? Swali la pili, ambalo ndilo liamualo kama mwanachama atavuna mihogo na mahindi au atavuna nyasi, aghalabu haliulizwi: ekari hizo zimelimwa namna gani?

Hata pale linapoulizwa, huzuka ubishi usio na mwisho. Mwanachama husema shamba lake limekwanguliwa tu. Dereva hujibu kuwa trekta ni jipya, plau ni zima, na jirani wa mwanachama huyo hakulalamika. Bodi ya chama husikiliza pande zote mbili, na kwa kuwa haina kipimo cha kuamulia, hulipa ili kumaliza maneno. Fedha zilizolipwa ni za wanachama.

Kipimo kipo, na kimekuwapo kwa muda mrefu. Wamekitunga watu wa mashindano ya kulima, ambao kwao kazi ya plau hukaguliwa kwa makini kama vile kahawa inavyokaguliwa ghalani. Huko Ireland mashindano ya kitaifa yalianza mwaka 1931. Shirika la dunia la mashindano hayo liliundwa mwaka 1952, na shindano la kwanza la dunia likafanyika mwaka uliofuata huko Cobourg, nchini Kanada. Afrika ya Mashariki nayo imekwisha kuyapokea mara mbili, mwaka 1995 na mwaka 2017, na mara zote mbili walimaji wa nchi nyingi walikutana Njoro, Kenya, katika mashamba ya Chuo Kikuu cha Egerton.

Katika Bukoba na Muleba mashindano haya si mila. Kibanja cha migomba na kahawa hakiingiliki kwa trekta. Hulimwa kwa jembe la mkono, na mizizi ya migomba na mibuni isingestahimili plau. Trekta huitwa kwa ajili ya rweya, yaani yale maeneo ya nyasi yaliyo nje ya vibanja. Ni ardhi ya nyasi nzito juu ya udongo mwepesi. Mlimaji wa mashindano hupewa kazi ya namna mbili katika siku mbili: siku moja hulima shamba lenye mabua ya mavuno yaliyopita, na siku nyingine shamba la nyasi, kisha alama za siku zote mbili hujumlishwa. Hiyo siku ya nyasi ndiyo inayofanana na kazi ya rweya, na ndiyo yenye mengi ya kufundisha.

Pamoja na madaraja ya matrekta ya kisasa, lipo daraja la matrekta ya zamani. Katika sheria zitumikazo Uingereza, trekta na plau lake huhesabiwa kuwa vya zamani iwapo ni vya muundo wa kabla ya mwisho wa mwaka 1959. Humo huonekana mashine ambazo wazee wa huku bado wanazikumbuka, kama Fordson na yale matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson TE20, yaliyotengenezwa Coventry kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na idadi yake ikapita nusu milioni. Mashine hizo hugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la plau la kukokotwa, ambalo huvutwa nyuma ya trekta na dereva huliinua kwa kuvuta kamba. Fungu la pili ni la plau la kubebwa, lililofungwa kwenye mikono mitatu ya trekta na kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Hayashindanishwi pamoja, maana ugumu wake si mmoja.

Jambo la kuzingatia katika daraja hilo ni kwamba trekta lenyewe halipewi alama hata moja. Rangi yake iwe inang'aa au imebabuka, injini iwe inanguruma au inakohoa, waamuzi hutazama udongo tu. Trekta la miaka 60 na zaidi, likiongozwa na mtu ajuaye kulirekebisha plau lake, huacha kazi safi kuliko trekta jipya lenye dereva mwenye haraka. Kwa hiyo dereva anayeijibu Bodi kwa kutaja upya wa trekta lake hajajibu lolote.

Sheria zenyewe si nyingi. Vipande vya shamba hugawiwa kwa kura, ili asiwepo wa kusema kuwa mwenzake alipendelewa kwa ardhi laini. Katika mashindano ya dunia kipande kwa kawaida huwa na urefu wa meta 100 na upana wa meta 20, yaani meta za mraba 2,000, ambazo ni karibu nusu ekari. Mlimaji hufanya kazi peke yake juu ya kipande chake. Haruhusiwi kuyapanga mapande ya udongo kwa mkono wala kwa mguu. Yote lazima yafanywe na plau. Kina hupimwa na wasimamizi mahali mbalimbali, na aliyelima juu juu hupunguziwa alama. Anayechelewa hupunguziwa pia. Lakini anayewahi kumaliza haongezewi kitu. Katika mchezo wote huo hakuna zawadi ya mbio.

Uamuzi hugawanywa katika vipengele, na kila kipengele hupewa alama zisizozidi 10. Kipengele cha kwanza ni mfuo wa kufungulia, yaani mtaro wa kwanza ambao plau huupasua katikati ya kipande. Mlimaji husimamisha fito zake, huelekeza trekta, na kwa muda wa dakika 20 hupasua ardhi kwa wembamba, akitupa udongo upande huu na upande huu. Kisha husimama. Hawezi kuendelea hadi waamuzi wapite, kwa sababu kazi hiyo itafunikwa mara moja na haitaonekana tena.

Kwa nini kazi itakayofunikwa ipewe uzito huo? Hapa ndipo penye siri ya kulima nyasi. Dereva asiyejali huanza shamba kwa kutupa pande la udongo juu ya nyasi zilizosimama, kisha hurudi upande wa pili na kutupa pande jingine lielekee la kwanza. Mapande hayo mawili hukutana na kufanya tuta zuri la kupendeza macho. Lakini chini ya tuta hilo pamebaki ukanda wa ardhi ambao haukuguswa na chuma. Nyasi zake zi hai, mizizi yake i hai, na baada ya mvua za kwanza hutokeza juu katika mstari mmoja mrefu. Mfuo wa kufungulia hufanywa ili ardhi yote ya katikati ikatwe kwanza, na ndipo irudishiwe udongo. Waamuzi wanapoinama pale, wanatafuta kitu kimoja: je, ipo nyasi iliyobaki imeshikamana na ardhi?

Baada ya hapo hutazamwa tuta la kati, ambalo hujengwa kwa kurudisha mapande yaliyotupwa nje. Liwe limefungamana, lisiwe na shimo katikati, lisionyeshe nyasi, wala lisiinuke mno kupita sehemu nyingine za shamba.

Kinachofuata ni ufukiaji wa nyasi. Plau lenye bao la kugeuzia hukata pande la udongo, hulipindua, na kulilaza likiegemea lile lililotangulia. Nyasi zote sharti ziingie chini, kwenye pembe kati ya mapande mawili, na zisionekane kabisa. Mwamuzi hutembea akitazama majani ya kijani. Jani moja moja hapa na pale hupunguza alama kidogo. Mstari wa majani kati ya mfuo na mfuo huonyesha kuwa plau halikurekebishwa, na hapo alama huporomoka. Ukali huo si wa bure. Nyasi iliyofukiwa vyema huoza na kuwa chakula cha mmea, na iliyobaki kichwa nje huendelea kuishi na kunyang'anya.

Ushikamano wa udongo hupimwa hata kwa miguu. Mwamuzi akikanyaga na kuzama ghafla, pana uvungu chini ya pande, na mbegu itakayoangukia juu ya uvungu itaota kisha ikauke, kwa kuwa mizizi yake itakutana na hewa. Ulinganifu hutazamwa kwa kusimama mwisho wa shamba: mapande yote yawe ya unene na kimo kimoja, hata isitambulikane ni wapi trekta lilipita mara ya tatu na wapi mara ya nne. Kwenye ncha zote mbili za kipande, plau liwe limezama na kuinuliwa katika mstari mmoja, pasibaki meno ya ardhi isiyolimwa. Unyofu wa mifuo una alama zake pia, na ndio unaopendwa na watazamaji.

Mwisho kabisa ni mfuo wa kufungia, pale ambapo pande mbili za kazi hukutana. Uwe mwembamba na usiwe na kina kirefu. Mlimaji hodari huanza kujiandaa kwa mfuo huo akiwa bado yu mbali nao, akipunguza kina kidogo kidogo. Wengi waliokuwa wakiongoza tangu asubuhi wamepoteza ushindi hapo.

Chama cha Bukoba au Muleba kikitaka kuzitumia sheria hizi, hakina budi kuzirekebisha, maana zilitungwa kwa ajili ya mashamba tambarare na plau la bao.

La kwanza ni mteremko. Nchi hii ni ya migongo mirefu inayokwenda sambamba na ziwa, na Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mfuo ulionyooka kutoka juu ya mgongo hadi bondeni ungepata alama zote 10 za unyofu mbele ya mwamuzi mgeni, na ungekuwa korongo baada ya msimu mmoja. Mifuo ikate mteremko kwa kuufuata usawa wa ardhi, hata kama hiyo maana yake ni kujipinda. Kwa sababu hiyo hiyo mfuo wa kufungia ukaguliwe kwa ukali kuliko hata katika mashindano, kwa kuwa mfuo mpana na wenye kina, ukielekea chini, ni mfereji uliochimbwa kwa fedha ya chama ili kupeleka udongo wa mwanachama bondeni.

La pili ni kina. Baadhi ya madereva hujisifu kwa kuzamisha plau. Udongo wa rweya katika sehemu nyingi za wilaya hizi ni wa mchanga, una asidi, na rutuba yake kidogo ipo katika tabaka la juu. Plau likizama mno hulizika tabaka hilo na kuleta juu udongo mfu. Kina cha sentimeta 15 hadi 20 kinatosha kwa mazao ya msimu. Mkataba utaje kina kisichopungua na kisichozidi, yote mawili.

La tatu ni aina ya plau. Matrekta mengi ya kukodi hutumia plau la sahani, ambalo huvumilia visiki, mawe na vichuguu. Sahani halipindui pande zima. Hulivunja na kulichanganya. Si haki kumdai dereva wa sahani ufukiaji wa plau la bao. Linaloweza kudaiwa ni kwamba ardhi yote ikatwe, kina kilingane, na nyasi nyingi ziingie chini, hata kama itabidi shamba lipitiwe mara ya pili baada ya nyasi za kwanza kuoza. Jambo hilo la mara ya pili liandikwe mapema pamoja na bei yake, lisisubiri kuwa ugomvi.

Kukatwa kwa ardhi yote ndiko penye udanganyifu mkubwa, na hapo Katibu mwenye kalamu anaweza kumkagua dereva hata kabla ya kwenda shambani. Chukua plau la sahani tatu, ambalo upana wake wa kukata ni sentimeta 90 hivi. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, litalima meta za mraba 4,500 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya ekari moja, bila kuhesabu muda wa kugeuka. Dereva aandikaye ekari 2 kwa saa moja kwa plau hilo anadai kuwa alikwenda karibu kilomita 9 kwa saa bila kugeuka hata mara moja. Kwa kawaida lililotokea ni jingine: ameutanua mwendo. Badala ya kusogea sentimeta 90 kila anaporudi, amesogea sentimeta 120. Udongo uliorushwa na sahani umeufunika ule ukanda wa sentimeta 30 uliorukwa, na shamba lote linaonekana jeusi. Robo nzima haikulimwa. Katika ekari 12, chama kimelipia ekari 3 za nyasi zilizofunikwa blanketi.

Hila hiyo hugunduliwa kwa kipande cha nondo kilichotiwa alama za sentimeta 10, 15 na 20. Mkaguzi hukata shamba kwa kupitia mifuo kwa ubavu, akichoma nondo kila baada ya sentimeta 30 hivi. Mahali palipolimwa nondo huzama hadi alama ya kina. Mahali paliporukwa hugonga na kusimama karibu juu. Akifanya hivyo katika mistari mitatu kwa kila ekari, na kuandika ni mara ngapi nondo iligonga, atakuwa na hesabu ya kuweka mezani mbele ya Bodi na dereva. Ukaguzi uanzie upande ulio mbali na barabara. Wote wanaofahamu kazi ya trekta wanajua kwamba kando ya barabara hulimwa vizuri.

Ushirika wa kando ya Ziwa Victoria una historia yake ya matrekta. Katika miaka ya 1960 Shirikisho la Victoria, lililokuwa likiunganisha vyama vya pamba vya Usukuma, liliendesha mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa trekta. Mapato ya pamba hayakufikia gharama ya huduma hiyo, na mzigo ukabaki kwa ushirika. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kuzitupa zote juu ya plau. Lakini huduma inayolipiwa kwa ekari peke yake humpa mtoaji sababu ya kuongeza ekari, na haimpi sababu yoyote ya kutazama nyuma yake. Walimaji wa mashindano muda wote hutazama nyuma.

Kwa hiyo kabla ya msimu, mkataba wa kukodi uandikwe ukitaja aina ya plau, upana wake wa kukata, kina, mwelekeo wa mifuo, na kwamba malipo yatafuata ukaguzi. Siku ya kwanza dereva alime ukanda mmoja wa majaribio, plau lirekebishwe mbele ya wakaguzi, na ukanda huo ukikubaliwa ndio uwe mfano ambao kazi yote italinganishwa nao. Hiyo ndiyo kazi ya mfuo wa kufungulia katika mashindano: kosa linaonekana likiwa bado ni dogo. Wakaguzi wawe wawili, wasiwe na shamba katika eneo hilo, wala wasiwe ndugu wa dereva au wa mwenye shamba. Matokeo yaandikwe papo hapo na kutiwa sahihi na dereva pia. Sehemu iliyokataliwa irudiwe kwa gharama ya mwenye trekta kabla ya fedha kutoka.

Jambo moja zaidi lafaa kuchukuliwa kutoka uwanja wa mashindano, nalo ni kura. Trekta la kukodi hufika mvua zikiwa karibu, na mwanachama anayelimiwa wa mwisho hupanda amechelewa. Pale ambapo zamu hupangwa kwa mdomo, majina ya wajumbe wa Bodi huwa na bahati ya kutangulia mwaka baada ya mwaka. Vikaratasi vyenye namba katika kofia, mbele ya mkutano wa wanachama, huchukua muda usiofika nusu saa. Orodha itakayopatikana ibandikwe kwenye mlango wa ghala, na nakala yake akabidhiwe dereva siku anayowasili.